Milimita tatu za shingo ya mama

Daktari alivuta mstari kwa kipanya, kutoka ukingo wa juu wa pingili ya tano hadi ukingo wa chini wa pingili ya sita. Namba ikatokea pembeni. Akafungua picha nyingine, ile iliyopigwa siku ya pili baada ya upasuaji, akavuta mstari uleule. Namba nyingine. Akanyamaza, akatoa moja kwa nyingine kichwani, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kipandikizi kimetitia. Milimita 3 hivi."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, kola ya shingo ameishika mkononi kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyoruhusiwa kuivua. Akaitikia, "Haya baba," kama anavyomwitikia daktari kwa kila jambo. Mimi ndiye niliyeganda.

Kutitia.

Kwetu Tanga neno hilo ni la nyumba. Ni la barabara iliyolemewa na malori, ni la kaburi baada ya masika. Sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya mwili wa mtu, sembuse shingo ya mama yangu.

Tulitoka pale na tarehe ya kurudi baada ya miezi 3. Kwenye basi mama alishikwa na usingizi hata Chalinze hatujafika. Mimi nilikaa macho mpaka Tanga, na kwa wiki 5 zilizofuata nilikuwa na swali moja tu: je, walimtoa mfupa mwingi mno?

## Damu kwenye kanzu

Mama ni fundi cherehani, miaka 38 sasa. Sitaeleza habari za foleni, bima na michango ya ndugu. Wengi wenu mmeuguza, mnazijua. Nitaeleza kanzu.

Ilikuwa kanzu nyeupe ya bwana harusi. Mama alikuwa anamalizia kola kwa mkono, akaona tone jekundu limeingia kwenye kitambaa. Akatazama huku na huku akitafuta limetoka wapi. Lilikuwa limetoka kwenye kidole gumba chake mwenyewe. Sindano ilikuwa imeingia na hakuhisi kitu.

Kabla ya hapo mkono wa kulia ulikuwa ukimuwaka karibu mwaka mzima, kutoka shingoni, kupitia begani, hadi kidole gumba na cha shahada. Usiku alilala amekaa. Moto ulipopungua kidogo tulishukuru, kumbe ganzi ndiyo iliyokuwa inaingia. Picha ya MRI ikaonyesha diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili ya tano na ya sita, imechomoza, na pembeni mfupa umeota na kuibana neva ya sita ya upande wa kulia. Neva hiyo ndiyo inayopeleka hisia kwenye vidole viwili ambavyo fundi cherehani hawezi kuvikosa.

Dawa na mazoezi havikufua dafu. Akapasuliwa kwa mbele, kwenye mkunjo wa shingo. Diski ikatolewa, kipandikizi kikawekwa mahali pake, pingili mbili zikafungwa kwa bamba na skrubu 4 ili ziungane na kuwa mfupa mmoja.

Alipozinduka, jambo la kwanza alilosema, kwa sauti iliyokauka, ni kwamba moto umezimika.

Hilo nalo nilikuwa nimelisahau kwa wiki zote zile 5.

## Mstari mmoja kwenye karatasi

Usiku wa kwanza nyumbani nilitoa karatasi aliyopewa mama siku ya kuruhusiwa. Maelezo ya upasuaji yalikuwa mistari 6, kwa Kiingereza cha mkato. Nilikuwa nimeiweka kwenye bahasha miezi 3 bila kuisoma. Sasa nikaisoma neno kwa neno, simu mkononi.

Diski imeondolewa yote. Nyuso za pingili zimekwanguliwa. Mfupa ulioota nyuma umesagwa. Kulabu ya kulia imekatwa sehemu.

Kulabu gani?

Nilidhani wanatoa diski basi. Fomu ya kukubali upasuaji niliitia sahihi mimi kama shahidi, na hakuna aliyenidanganya, ila sikuuliza na sikuambiwa kwamba watakata pia mfupa mzima, mfupa ambao haukuwa umevunjika wala kuoza.

Nikajifunza. Pingili za shingo, kuanzia ya tatu hadi ya saba, si bapa juu kama za kiuno. Kila moja ina kingo mbili zilizoinuka, kushoto na kulia, kama kiti chenye mikono, na pingili ya juu yake hukaa katikati ya hiyo mikono. Kilatini huita kila ukingo *uncus*, yaani kulabu. Panapokutana kulabu na pingili ya juu huitwa viungo vya Luschka, kwa jina la mwanaanatomia wa Kijerumani wa karne ya 19. Kulabu huzuia pingili isiteleze kwenda pembeni na hubeba sehemu ya uzito wa kichwa, ambao kwa mtu mzima ni kilo 4 na nusu hadi 5.

Sasa, nyuma ya kulabu ndipo neva inapotokea kwenda mkononi. Nje yake, kwa umbali mdogo sana, unapita mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo. Diski ikichakaa na kupungua kimo, kulabu husagana na pingili ya juu, mfupa huota, na tundu la neva huzibwa. Kwa mama, adui alikuwa amejenga kwenye mkono wa kiti.

Ukitaka kuifungulia neva, inabidi uuchonge mkono huo. Na ukiuchonga, kiti kinapungua.

Nilifunga simu saa 8 usiku. Nilikuwa na hakika nimempata mkosaji.

## Ganda la bofulo

Asubuhi yake nilimweleza mama, na nadhani nilimweleza vibaya, kwa sababu nilikuwa na hasira. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia kila uso wa pingili una gamba jembamba la mfupa mgumu, halifiki hata milimita 1, na chini ya gamba hilo mfupa ni sponji tupu. Kipandikizi kinakaa juu ya gamba. Daktari analikwangua kabla ya kukiweka.

"Analikwangua kwa nini?"

Anataka damu. Gegedu ikibaki, au gamba likibaki kavu kabisa, mfupa mpya hauoti na pingili haziungani. Inatakiwa pachubuke kidogo, patoke vitone vya damu, mfupa uamke.

Mama akachukua kipande cha bofulo kilichokuwa sahanini. Akabonyeza ganda kwa kidole gumba, kidole kilekile. Likashika. Akabandua ganda kidogo kwa ukucha, akabonyeza tena, kidole kikazama hadi kwenye kucha.

"Hivi?"

Hivi hasa. Watu wa maabara wamefanya jambo hilohilo kwa pingili za maiti na mashine ya kukandamiza. Gamba likiondolewa, uzito mdogo zaidi unatosha kukizamisha kipandikizi. Na kama ilivyo kwa bofulo, gamba si gumu sawasawa: kwa kawaida kingo ni imara kuliko katikati. Kipandikizi kipana kinachoegemea kingo hutulia kuliko chembamba kinachokaa katikati peke yake.

Mama akala kile kipande cha bofulo. Akasema chai inapoa.

## Ubishi wa tangu 1955

Nilichokigundua wiki ya pili kilinitikisa zaidi. Swali langu si jipya. Waliozianzisha njia hizi za kupasua shingo kwa mbele walitofautiana katika jambo hilihili.

Mwaka 1955, huko Baltimore, Marekani, Robert Robinson na George Smith walieleza namna yao: unatoa diski, unaweka kipande cha mfupa kutoka nyongani kwa mgonjwa, na gamba la pingili unaliacha litegemeze. Hata mifupa iliyoota hawakuihangaikia. Waliamini pingili zikishaungana na kutulia, mfupa ulioota utapungua wenyewe taratibu, kwa kuwa mwili hauna tena sababu ya kuujenga.

Mwaka 1958, Ralph Cloward wa Honolulu akaeleza njia nyingine. Yeye alitoboa kwa kekee tundu la mviringo lililokula nyuso zote mbili za pingili, akauondoa mfupa unaobana huku akiuona kwa macho yake, kisha akapigilia humo kipande cha mfupa cha duara. Hakutaka kusubiri mwili uamue. Na mwaka 1976, Akira Hakuba wa Japani akaeleza njia inayopitia kwenye diski na kulabu zenyewe ili kuifikia neva.

Nilisoma habari hizi nikiwatafutia makosa. Badala yake nikajikuta nawaza mgonjwa wa Robinson ambaye mfupa wake haukupungua, analala amekaa miezi na miezi akisubiri. Na mgonjwa wa Cloward ambaye mkono umepona lakini shingo imeinama mbele kwa sababu kipandikizi kimezama kwenye sponji.

Mama yangu angependa kuwa yupi?

Leo mfupa wa nyonga hautumiki sana kama zamani. Kuna visanduku vya titani, na vya plastiki ngumu iitwayo PEEK. Titani ina ukakamavu mara kadhaa zaidi ya mfupa. PEEK inakaribia ukakamavu wa mfupa wenyewe, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake. Lakini kisanduku chochote, kiwe cha nini, kinakaa juu ya kile ulichokiacha.

## Nilichomuuliza

Wiki ya tano sikuvumilia. Sikungoja miezi 3. Nilipanda basi peke yangu, nikaenda kwa daktari na daftari. Maswali 9. La kwanza niliandika kwa herufi kubwa: KWA NINI ULIIKATA KULABU?

Nilitegemea ajitetee. Ana haki ya kuchoka. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi mpaka nje. Alitoa kwenye droo pingili mbili za plastiki, akazishikanisha, akanipa penseli. Akaniambia niipitishe penseli kwenye tundu la neva. Ikapita. Akabandika kipande cha plasta kwenye kulabu, mahali ambapo mfupa wa mama ulikuwa umeota. Akaniambia nijaribu tena.

Haikupita.

"Ningeiacha, dada, mama angerudi hapa na mkono uleule. Na hapo ningefanya nini? Nimpasue mara ya pili, kwenye kovu?"

Akanionyesha alipokata: sehemu ya nyuma tu, theluthi hivi, ile inayoikabili neva. Ya mbele aliiacha. Akasema wapo wapasuaji wanaoikata yote inapobidi, na kwamba zipo tafiti zilizoona kipandikizi kinatitia zaidi kulabu inapoondolewa yote, hasa miezi ya mwanzo, ingawa mara nyingi mgonjwa haoni tofauti katika maumivu. Ndiyo maana yeye hukata kwa uchache.

Nikamuuliza kuhusu kukwangua. Akasema hilo ndilo linalomsumbua kuliko kulabu. Kwenye pingili yenye afya anajua kwa mkono gamba linaishia wapi: kijiko cha kukwangulia kinaparaza, kinatoa mlio, unahisi ugumu. Kwa mama, upande wa chini, ule mlio ulikuwa laini. Aliacha mara moja. Lakini laini ilikuwa laini.

"Kipimo cha uzito wa mifupa hatukumfanyia," akasema. "Tungemfanyia."

Kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza. Nimelibeba tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike.

"Nilimwekea kipandikizi saizi ya milimita 7 kwenda juu. Nilitaka tundu la neva lifunguke vizuri. Ukiniuliza leo, ningejaribu ya 6."

Akanieleza. Kipandikizi kirefu kinazitanua pingili, kano zinavutika kama mpira, na mpira uliovutika unataka kurudi. Unaukandamiza ule mfupa usiku na mchana, hata mgonjwa akiwa amelala. Kama mfupa ni mlaini, ndio unaolegea kwanza.

Nilikuwa nimekuja kutafuta kosa moja. Nikapewa mambo manne yaliyoshikana: kulabu iliyopungua, gamba lililochubuka, mifupa ya mwanamke wa miaka 63 ambayo hatukuipima, na milimita 1 ya nia njema. Hakuna aliyeweza kuniambia ni lipi kati ya hayo limechangia kiasi gani. Nilitaka sana mtu aniambie.

Sikuuliza maswali mengine. Daftari nililifunga.

Nasema hivi waziwazi kwa kuwa wapo watakaosoma hapa na kukimbilia kulaumu, kama nilivyokimbilia mimi. Daktari aliyeniambia "ningejaribu ya 6" ndiye ninayetaka ampasue mama yangu, hata mara nyingine. Lakini ningetaka pia mazungumzo yale ya pingili za plastiki na penseli yafanyike kabla, mama mwenyewe akiwa ameishika ile penseli. Dakika 10. Tungesema ndiyo vilevile, nina hakika. Tungejua tumesema ndiyo kwa kitu gani.

## Kukutana

Kuna jambo moja nililielewa mwishoni, na lilikuja kunituliza kuliko yote.

Kutitia kidogo si ajali kila wakati. Mfupa hujijenga unapobebeshwa. Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliandika hayo mwaka 1892 na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa kwa jina lake. Kipandikizi kikikaa bila kugusana vizuri na mfupa, pengo hubaki, na pengo haliungani. Kikishuka kidogo na kutulia, nyuso hukutana. Wataalamu wenyewe hawakubaliani mpaka uwe wapi: wengine huanza kuhesabu kutitia kwenye milimita 2, wengine 3. Mama yuko juu ya ukingo kabisa. Akihamia hospitali nyingine pengine angeambiwa kiko salama, wala tusingelisikia neno lile.

Hatari halisi ni nyingine: kikiendelea kushuka. Hapo shingo huanza kuinama mbele, na tundu la neva lililofunguliwa kwa tabu yote ile hupungua tena kutoka juu. Milimita 3 ambazo zimesimama ni habari moja. Milimita 3 zinazoelekea 5 ni habari nyingine. Picha moja haiwezi kukuambia ziko safarini au zimefika.

Kipimo cha mifupa kilifanyika wiki iliyofuata. Kilisoma chini ya −2.5, ule mpaka unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani kusema mifupa imedhoofika, yaani osteoporosis. Akaanzishiwa kidonge cha mara moja kwa wiki, pamoja na vitamini D na kalsiamu. Dagaa anakula tangu utotoni, hakuhitaji kuambiwa.

Nilipomweleza mama yote haya, kuanzia penseli hadi ile milimita 1, alisikiliza huku anapindia ushungi wa mtu. Nilimuuliza kama hakuumia moyoni kwamba walikata mfupa uliokuwa mzima.

Akainua kitambaa, akanionyesha pindo kwa ndani.

"Nguo ikibana, unafungua mshono, unaiachia. Lakini unaiachia kwenye ile akiba uliyoiacha ulipokata mara ya kwanza. Mwenye nguo isiyo na akiba utamfanyaje? Utafungua hapohapo penye kidogo." Akakata uzi kwa meno. "Mimi sikuwa na akiba nyingi, mwanangu. Daktari kafungua palipokuwepo."

Halafu akatia uzi kwenye tundu la sindano. Kwa mkono wa kulia. Mara ya kwanza haukupita, akaulowesha, ukapita.

## Cherehani

Mwezi uliopita tulirudi. Mistari miwili kwenye kompyuta, kama siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la daktari, jambo ambalo nadhani haliruhusiwi. Namba ilikuwa ileile ya miezi 3 iliyopita. Milimita 3, haijaongezeka, na ndani ya uwazi wa kipandikizi kulikuwa na ukungu mweupe uliounganisha juu na chini. Mama alipigwa picha ameinamisha kichwa, kisha ameinua. Pingili mbili zilikwenda pamoja.

Akauliza swali lake moja tu: anaweza kurudi kwenye cherehani?

Daktari akasema ndiyo, lakini asiiinamie. Meza iinuliwe, kazi imfuate machoni.

Jumamosi mpwa wangu alileta vitofali 4 na kuviweka chini ya miguu ya cherehani, pale barazani penye mchanga, chini ya mwembe. Alipomaliza akaita. Mama akatoka, akakiangalia kila kitofali, akaegemea meza kwa kiganja. Kona moja ikashuka.

"Toa," akamwambia. "Kalete kwanza ule ubao mpana wa mlango wa zamani, uulaze chini. Vitofali vikae juu ya ubao."

Mtoto akaleta ubao. Wakaulaza, wakasawazisha mchanga kwa miguu, wakapanga vitofali upya. Mama akaegemea tena, safari hii kwa uzito wake wote. Akavuta kiti, akakaa shingo imenyooka, akaweka mguu kwenye pedali.